Maji ya kopo la maharage: unayamwaga au unayapikia?

#1 JikoLaJioni
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanisumbua kila katikati ya wiki. Nikitoka kazini nimechoka, giza limeshaingia, watoto wanauliza chakula, ninachokimbilia ni kopo la maharage. Kitunguu, nyanya, kopo linafunguliwa, dakika 20 watu wako mezani. Hakuna chakula kinachonituliza kama hicho. Bakuli la moto, mchuzi mzito, nyumba nzima kimya.

Jana nilifanya jaribio. Makopo mawili ya aina moja, sufuria mbili. Ya kwanza nilimimina maharage na maji yake yote. Ya pili niliyachuja, nikayasuuza mpaka povu likaisha, nikaweka maji ya moto kiasi kile kile. Vitunguu, nyanya na chumvi vilikuwa sawa kote. Sufuria ya kwanza ilitoa rojo linaloganda mgongoni mwa kijiko. Ya pili ilikuwa nyepesi, maharage huku, maji kule.

Kwangu jibu likawa wazi: maji ya kopo hayamwagwi. Lakini mume wangu na binti yetu walionja bila kuambiwa ipi ni ipi, na wote wawili wakachagua ya pili. Wanasema ya kwanza ina ladha ya bati. Nani yuko sahihi? Na hiyo ladha, kama ipo, inatoka wapi?

#2 Kifuniko
Mwaga. Maji yale yanateleza kama ute wa yai na yana harufu. Mimi kabla sijafungua kopo, chujio liko tayari kwenye sinki.

#3 Mwiko_Mrefu
Mkuu #2, huo ute ndio mali yenyewe. Maharage yakiivia ndani ya kopo yanaachia wanga na protini kwenye maji, ndiyo maana mchuzi wa mtoa mada ulishika kijiko. Ukiyamwaga itabidi utafute uzito kwingine: unga, viazi, au usubiri maji yakauke mpaka usingizi ukuchukue. Niko upande wa sufuria ya kwanza.

#4 Chumvi_Kidogo
Kwangu hili si suala la ladha. Baba yangu ana shinikizo la damu na tunaishi naye. Kuchuja na kusuuza maharage ya kopo kunapunguza sodiamu kwa takriban asilimia 40, na kwa mtu wa hali yake hiyo si tofauti ndogo. Siku hizi nikipata kopo lililoandikwa halikuongezwa chumvi, nayapika na maji yake bila wasiwasi, nakoleza mwenyewe. Likiwa la kawaida, maji yanaenda. Dada JikoLaJioni, lako lilikuwa la aina gani?

#5 JikoLaJioni
Ahsante #4. La kawaida, maharage mekundu ndani ya maji na chumvi. Gramu 400, ukichuja zinabaki 240 hivi.

#6 Fundi_Makopo
Nimefanya kazi miaka 11 kwenye mstari wa kusindika maharage, kwa hiyo naomba nieleze kinachotokea mle ndani, maana wengi wanadhani yanachemshwa yakaiva kisha yakafungiwa. Sivyo. Yanalowekwa, yanapitishwa kwenye maji ya moto muda mfupi, yanatiwa kwenye kopo pamoja na maji ya chumvi, kopo linafungwa, halafu ndipo yanapoiva, ndani ya mtungi mkubwa wa mvuke wenye shinikizo, kwenye nyuzi joto 121 hivi. Joto hilo si la kuivisha tu. Ni la kuua vijimbegu vya bakteria aina ya Clostridium botulinum, wanaotengeneza sumu kali kwenye chakula kilichofungwa, vijimbegu ambavyo maji ya kuchemka ya kawaida hayaviwezi.

Sasa fikirini: ukipika nyumbani, harufu nzito ya maharage inatoka na mvuke pembeni mwa kifuniko, jikoni kote kunanukia. Ndani ya kopo haina pa kutokea. Inabaki kwenye maji, na siku ukifungua pua inaipokea yote kwa mkupuo. Hiyo ndiyo mnayoiita ladha ya bati. Bati lenyewe ni mara chache kuonekana kwenye chakula, kwa sababu makopo mengi ya maharage yana utando uliopakwa kwa ndani unaotenganisha chuma na chakula.

Na jaribio lako, dada, lina kasoro. Umesema chumvi uliweka sawa. Sufuria ya kwanza ilikuwa tayari na chumvi yote ya kopo. Hukulinganisha maji peke yake, ulilinganisha na chumvi.

#7 JikoLaJioni
Hapo umenishika, #6. Nitarudia.

#8 Bint_Sufuria
Mnabishania maji, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitunguu kilikaa kwenye mafuta muda gani.

Maharage ya kopo yameshaiva. Kazi iliyobaki ni kuunga, na hiyo ndiyo watu wanaikimbiza. Mimi nakata kitunguu kidogo kidogo, nakitia kwenye mafuta na chumvi kidogo tangu mwanzo ili kitoe maji. Kwanza kinapiga kelele kama mvua juu ya bati. Maji yakiisha kelele inashuka, kinakuwa kama kinanong'ona, na kingo zake zinaanza kugeuka dhahabu. Hapo zimepita dakika 8 hadi 10. Thomu na bizari nyembamba vinafuata, nusu dakika tu, maana harufu ya viungo inafunguka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na thomu ikiungua ni chungu.

Halafu vijiko viwili vya nyanya nzito ya kopo, bila tone la maji. Itang'ang'ania chini ya sufuria, usiogope, ikwangue na mwiko. Ule wekundu wa kung'aa unafifia, inakwenda kwenye rangi ya tofali, na mafuta yanajitenga pembeni, mekundu, safi. Ukiyaona mafuta hayo ndipo maharage yaingie, na maji yake au bila maji yake. Mimi naamini ile ladha ya bati ni ya nyanya mbichi ya kopo. Maharage yanasingiziwa.

#9 Kifuniko
Bint_Sufuria, dakika 10 za kitunguu, nusu ya thomu, tatu za nyanya, kumi za maharage. Mtu amerudi kachoka, watoto wako mlangoni na vijiko!

#10 Bint_Sufuria
Dakika 23 na nusu. Na wali kwako unaiva kwa dakika ngapi? Vinaanza pamoja, vinaisha pamoja.

#11 Mkebe_Mmoja
Hamjambo wote. Nyinyi mwasema kopo, mimi nasema mkebe, lakini swali letu ni moja.

Naishi peke yangu, kwa hivyo mkebe mmoja ni chakula cha usiku na cha mchana wa kesho. Shida yangu ni uzito wa mchuzi. Nimewahi kuyachemsha maharagwe ya mkebe nusu saa nzima nikitumai yatalainika yapasuke, yakabaki mazima kama shanga. Dawa niliyoipata ni kuyaponda: nachota theluthi moja, naiponda kwa uma kwenye sahani hadi iwe uji, naurudisha kwenye sufuria. Mchuzi unashikana papo hapo, hata kama maji ya mkebe yalimwagwa. Kwa hivyo #3, si lazima uchague kati ya uzito na usafi.

#12 Fundi_Makopo
#11, soma lebo yako. Mara nyingi utakuta kloridi ya kalsiamu. Inawekwa makusudi ili ganda likaze na maharage yasivurugike ndani ya kopo. Kalsiamu inaishika ile pektini, gundi ya asili ya kwenye maharage, ndiyo maana unachemsha weee hayapasuki. Asidi ya nyanya nayo inaongeza ukaidi huo huo. Kuponda ndiyo njia.

#13 Ndimu_Mwisho
Nimesoma yote na bado naona kitu kimesahaulika. Chakula cha kopo kinaonekana kimepooza kwa sababu hakina uchachu. Watu wakikuta kimepooza wanaongeza chumvi, kikikataa wanaongeza tena, mwisho ni chumvi tupu na kimepooza vile vile. Zima jiko, kamua nusu ndimu, au kijiko cha chai cha siki, koroga, onja. Usiikamue mapema, manukato yake yanapotea kwenye moto.

Mama yangu mzazi alikuwa hali maharage ya kopo kabisa, anasema yanamkaa kifuani. Nilimpikia na ndimu akamaliza bakuli, akauliza niliyaloweka lini.

Faida nyingine: vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo ngojeni kidogo kabla ya kuiteremshia.

#14 Mwiko_Mrefu
Ndimu naikubali. Lakini #13, nyanya nazo ni chachu. Kama sufuria zote mbili za dada zilikuwa na nyanya sawa, uchachu hauelezi kwa nini moja ilikataliwa.

#15 Ndimu_Mwisho
Unaeleza. Wanga wa yale maji unafunika ulimi. Mchuzi ukiwa mzito unahitaji uchachu zaidi ili ladha isikike. Jaribu mwenyewe: onja uji mzito na uji mwepesi wenye sukari sawa.

#16 Mgeni_Jikoni
Samahani wakuu, nina swali la pembeni. Nimesikia maharage mekundu yana sumu na lazima yachemshwe sana. Sasa mimi ya kopo huwa nayala yalivyo, nayachanganya na nyanya mbichi, kitunguu na mafuta ya zeituni. Nimejidhuru?

#17 Chumvi_Kidogo
Hapana, kuwa na amani. Ulichosikia ni kweli kwa maharage makavu. Mekundu yakiwa mabichi yana lektini nyingi, ndiyo hiyo sumu, na punje 4 au 5 tu mbichi zinatosha kumtapisha mtu. Ndiyo maana yanalowekwa angalau saa 5, yale maji yanamwagwa, kisha yanachemshwa kwa moto mkali. Kuyapika kwa joto la chini muda mrefu bila kuyachemsha ni hatari, sumu inaweza hata kuongezeka. Ya kopo yamepita joto alilolitaja Fundi, hiyo kazi imeshafanyika.

#18 Fundi_Makopo
Naongezea hapo. Kopo la kuogopa ni lile lililovimba, linalorusha maji kwa nguvu ukilifungua, au lililobonyea kwenye kiungo cha juu au cha chini. Hilo usilionje hata kwa ncha ya ulimi, litupe. Madoa meusi ndani ya kopo zima ni kitu kingine: salfa ya kwenye maharage imekutana na chuma au bati. Yanatisha macho ila hayana madhara.

#19 Msoma_Lebo
Uzi mzuri sana huu. Na mjue tunamshukuru Napoleon, ndiye aliyevumbua kopo ili jeshi lake lipate kula.

#20 Historia_Jikoni
#19, naomba nikusahihishe kwa upole. Aliyegundua njia ni Nicolas Appert wa Ufaransa, mpishi na mtengeneza vitu vitamu. Serikali ilimpa faranga 12,000 mwaka 1810, na wala hakutumia kopo, alitumia chupa za kioo zilizozibwa vizibo na kuchemshwa. Kopo la chuma lilipewa hati miliki Uingereza mwaka huo huo wa 1810, kwa jina la Peter Durand. Appert alijua chakula hakiozi, hakujua kwa nini. Habari za vijidudu alikuja kuzieleza mwanasayansi Louis Pasteur miaka mingi baadaye.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba kopo lilitangulia, kifungulio kikaja nyuma sana. Makopo ya mwanzo yalifunguliwa kwa patasi na nyundo. Hati miliki ya kwanza ya kifungulio Marekani, ya Ezra Warner, ni ya 1858. Karibu miaka 50 watu wanagonga chuma ili wale.

#21 Kifuniko
Miaka 50 ya nyundo, halafu mtu analalamikia dakika 10 za kitunguu. Nimerudisha maneno yangu ya #9.

#22 Bint_Sufuria
Nimeyapokea!

#23 Mkebe_Mmoja
Hamjataja tumbo. Nikila na maji ya mkebe, usiku silali, tumbo lajaa gesi. Nikisuuza, nafuu. Ni mimi tu?

#24 Mwiko_Mrefu
Si wewe tu. Maharage yana sukari za aina ya rafinosi na stakiosi ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazila, gesi inatoka. Sehemu yake inahamia kwenye maji ya kopo, kwa hiyo ukiyamwaga unapunguza, humalizi. Hapa nakubali watu wa kusuuza wana hoja. Ila mtu anayekula maharage mara kwa mara huwa anazoea. Mimi nimezoea.

#25 Bakuli_Jeupe
Niulize kuhusu dengu. Maji yake nayo mnayamwaga?

#26 Kifuniko
Dengu zipi? Kuna wanaoita choroko dengu.

#27 Bakuli_Jeupe
Zile kubwa, za mviringo, zenye kincha kama mdomo wa kifaranga.

#28 Msoma_Lebo
Hizo maji yake usiyamwage kabisa! Ukiyapiga kwa mashine ya kupigia mayai yanafura meupe kama ute wa yai. Mfaransa Joël Roessel alilionyesha jambo hilo mwaka 2014, na sasa wasiokula mayai wanatengenezea vitu vitamu. Mwanangu ana mzio wa mayai. Siku ya kwanza nilipoona lile povu limesimama kwenye bakuli, nililigeuza juu chini na halikudondoka. Nilikaa chini. Miaka 6 mtoto hajawahi kulamba mwiko wa keki.

#29 JikoLaJioni
#28 umenigusa. Asante kwa kusema.

#30 Mpishi_Mstaafu
Vijana, nimewaacha mzungumze. Nimepika kwenye majiko ya watu wengi kwa muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba mnatafuta kwenye kopo kitu ambacho ni cha muda. Maharage ya kopo yamekaa na chumvi na maji peke yake. Kitunguu chenu, nyanya yenu, bizari yenu, hayajawahi kukutana navyo. Mkiyatia na kuyapakua dakika ile ile, mchuzi una ladha yake na punje ina ladha yake. Bonyeza punje moja kwa ulimi juu ya kaakaa: nje nyanya, ndani kopo.

Yachemke taratibu dakika 10, zima jiko, funika, ondoka. Dakika 15. Ogesha watoto. Ukirudi, punje imekunywa. Na kiporo chake kesho kitakuwa bora zaidi, kila mtu anayepika anajua hili. Kiweke kwenye chombo chenye mfuniko, si ndani ya kopo lililofunguliwa, kitakaa siku 3 hadi 4 kwenye friji.

#31 Kifuniko
Mzee, shikamoo. Kwa hiyo na wewe unasema maji yasimwagwe?

#32 Mpishi_Mstaafu
Marahaba. Mimi namwaga nusu.

#33 Fundi_Makopo
Kwa heshima zote mzee, punje ya kopo imeshashiba maji. Kwa dakika 15 inaingia chumvi na asidi kidogo, viungo vingi vinabaki kwenye mafuta ya mchuzi. Nadhani kinachobadilika ni mchuzi: ukipoa kidogo, wanga unakaza na ulimi unaonja vizuri kuliko kikiwa kinaunguza.

#34 Mpishi_Mstaafu
Inawezekana. Lakini bonyeza punje kwa ulimi kisha uniambie.

#35 JikoLaJioni
Nimerudi wakuu. Jana nimerudia jaribio, safari hii kwa makini.

Kitunguu dakika 9 kwa saa ya ukutani, nyanya mpaka mafuta yakajitenga. Msingi huo nikaugawa sufuria mbili. Moja maharage na maji yake, bila kuongeza chumvi. Nyingine yamesuuzwa, theluthi imepondwa kama alivyosema #11, chumvi nikaonja mpaka zikalingana. Ndimu zote mbili. Nikafunika, nikaenda kuogesha watoto.

Rojo zilikaribiana mno, sikutegemea. Ile ya maji ya kopo ilikuwa inang'aa zaidi, ya kuponda ilikuwa na chengachenga, na mimi chengachenga nimezipenda. Binti yangu safari hii hakuona tofauti, akakomba bakuli zote mbili kwa mkate. Baba yake alionja ya kwanza, akatulia, akasema "bado ipo". Hajaambiwa ipi ni ipi.

Na ile punje nimeibonyeza, #34. Ndani ilikuwa na chumvi na uchachu kidogo. Bizari sikuisikia. Lakini haikuwa kopo.

#36 Ndimu_Mwisho
Uchachu umeingia! Ndiyo nilichokuwa nasema.

#37 Bint_Sufuria
Umebadilisha mambo matano kwa mpigo, dada. Sasa hatujui ni lipi limefanya kazi. Mimi nasema ni zile dakika 9.

#38 Chumvi_Kidogo
Mume wako huenda anaisikia ile harufu kuliko wengine. Pua za watu hazilingani. Baba yangu tangu apunguze chumvi anaonja vitu ambavyo mimi sivioni kabisa.

#39 Mwiko_Mrefu
Au aliona kung'aa akajua ni ipi. Mfunge macho.

#40 JikoLaJioni
Nitamfunga kitambaa wiki ijayo, ameshakubali.

Ila niwape na hili. Jana usiku nilibakiza bakuli mbili kwenye friji, nimebandika karatasi A na B ili leo nijaribu hoja ya mzee ya kiporo. Asubuhi nimekuta bakuli A limeoshwa na limerudishwa kabatini. A ndiyo ile yenye maji ya kopo. B iko vile vile, haijaguswa. Nimeuliza nyumba nzima, hakuna aliyekula.

#41 Mpishi_Mstaafu
Kiporo.

#42 Kifuniko
Au lilikuwa karibu na mlango wa friji tu.